Shajara ya Mradi: Joto la Udongo na Ulaji wa Mchwa, Hombolo, Dodoma

Kazi hii inafanyika pembeni mwa shamba la zabibu, Hombolo, ambako nguzo za mirunda huliwa chini kwa chini mpaka waya unalala na mizabibu juu yake. Tunataka kujua joto linapopanda mchwa wanakula zaidi au wanajificha, na mkulima apime joto la wapi: hewani, juu ya udongo, au chini. Shajara inaongezwa kila hatua inapokamilika, ili mwenye shamba au mwalimu wa sayansi aweze kuirudia kwake. Gharama ni za shilingi, kwa bei tulizolipa sisi. Joto lote ni la Selsiasi.

14 Juni: Mpangilio

Dodoma inafaa kwa swali hili kuliko mikoa mingi. Mvua ni ya msimu mmoja, takribani milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Juni mpaka Novemba udongo hauna mvua, lakini joto linabadilika sana: Julai ni baridi ya kuvaa sweta asubuhi, Oktoba na Novemba ni jua la kuchoma. Kwa hiyo unaweza kulinganisha baridi na joto bila mvua kuingilia.

Mfano tumeuchukua kutoka kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliofanywa kwenye maeneo 133 katika mabara kadhaa. Waliweka vipande vya mbao za paini vilivyofungwa kwa wavu. Vingine wavu ulitobolewa ili mchwa waingie, vingine ukaachwa mzima ili vioze kwa kuvu na bakteria tu. Joto lilipoongezeka kwa nyuzi 10, kazi ya mchwa ilizidi karibu mara 6.8. Uozo wa kuvu na bakteria huongezeka mara 2 hivi kwa tofauti hiyo hiyo. Wao walilinganisha nchi na nchi. Sisi tunalinganisha msimu na msimu, na kivuli na jua, kwenye shamba moja.

Viwanja ni vitatu, kila kimoja mita 4 kwa 4: uwanja mtupu uliofagiliwa, uwanja wenye matandazo ya mabua ya mtama ya unene wa sentimita 10, na uwanja chini ya kivuli cha mkungugu. Mwarobaini tuliukwepa makusudi, kwa sababu majani yake yanayodondoka yanaweza kuwafukuza mchwa na kuharibu ulinganisho. Kila kiwanja kitakuwa na vipande 8 vyenye wavu uliotobolewa na 8 vyenye wavu mzima kwa kila fungu, vyote vikilazwa juu ya udongo, upande wa chini ukigusa ardhi.

Mbao: paini ya 2×2, futi 12, vipande vitano kwa 4,500 kila kimoja (22,500). Ukikata kwa sentimita 10 unapata kama vipande 35 kwa kila ubao. Tumia sehemu nyeupe isiyo na fundo. Kabla ya kulipa, omba ubao ukatwe katikati: ukiona pete ya kijani kibichi kuzunguka ukingo, umetiwa dawa, na utakaa shambani mwaka mzima bila kuguswa.

21 Juni: Mizani

Mzani wa jikoni (20,000) haufai. Unasoma gramu nzima nzima, na kipande kimoja kina gramu 90 tu. Tumenunua mzani mdogo wa aina ya masonara unaosoma 0.1 (35,000).

Tatizo kubwa zaidi ni unyevu wa mbao. Paini iliyokauka kwa jua haina uzito mmoja: inavuta maji hewani usiku na kuyaachia mchana, na kati ya Septemba na Februari tofauti hiyo peke yake inaweza kufunika kile walichokula mchwa. Lazima vipande vikaushwe kwenye oveni kwa nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike, kabla ya kuvipeleka na baada ya kuvirudisha. Kwa vipande vyetu ni saa 24. Umeme wa mkupuo mmoja umekula kama 4,000 za LUKU. Kipande kikitoka kwenye oveni kifunge kwenye mfuko wa nailoni, na ukipime kikiwa bado ndani yake. Ukikiacha wazi mezani, namba inapanda huku unaitazama.

Andika namba ya kipande kwa penseli, au kwa kibandiko cha bati. Wino wa kalamu ya alama unafutika kwenye jua.

5 Julai: Vipimajoto

Vipimajoto vya waya wa mita moja, sita, 15,000 kila kimoja (90,000). Vimezikwa sentimita 1, 10 na 30 kwenye uwanja mtupu na kwenye matandazo. Kivulini tunahamisha vile vya matandazo baada ya kusoma.

Mwanzoni usomaji ulikuwa saa 7 mchana tu, na ulidanganya. Saa hiyo udongo wa juu umeshachemka lakini joto la sentimita 10 bado linapanda. Kilele chake kinakuja saa 10 mpaka saa 11 jioni. Kwenye sentimita 30 joto halibadiliki sana kati ya usiku na mchana, na kile kidogo kinachobadilika kinafika usiku. Ukisoma mara moja kwa siku unapata picha ya uwanja mtupu kuwa moto juu na baridi chini muda wote, jambo ambalo si kweli. Sasa tunasoma saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 11 jioni.

Kosa la pili ni waya wenyewe. Ukiupitisha wima kutoka juani moja kwa moja hadi chini, unabeba joto na kulipeleka kwenye kichwa cha kipimo. Chimba mfereji mdogo, laza sentimita 20 za mwisho za waya kwa ulalo katika kina kile kile unachopima, kisha fukia na ushindilie. Tofauti tuliyoiona kwenye sentimita 1 ilikuwa zaidi ya nyuzi 3.

Usomaji wa Julai, uwanja mtupu: juu saa 12 asubuhi nyuzi 12; sentimita 10 kati ya 18 na 25; sentimita 30 karibu 23 muda wote.

19 Julai

Kuku na mbuzi wamevuruga matandazo. Viwanja vyote vimezungushiwa matawi ya miiba ya mkungugu. Gharama hakuna, ila mikwaruzo.

30 Agosti: Kuinua fungu la kwanza

Hapa ndipo palipofundisha zaidi, kwa sababu namba za kwanza zilikuwa hazina maana.

Kwanza, baadhi ya vipande vya wavu mzima vimeliwa. Wavu tuliotumia ni ule wa plastiki wa madirisha (3,000 kwa mita), wenye matundu ya zaidi ya milimita 1. Mchwa wa jenasi ya Odontotermes, ambao ndio wengi hapa, hawapiti. Waliopita ni wadogo zaidi, wa Microtermes, ambao kichwa cha mfanyakazi hakifiki milimita 1. Ukifungua kipande unawaona kwa macho: vijia vyembamba kama unene wa sindano ya kushonea, vimejaa udongo laini. Kuna sehemu mbili pia ambapo plastiki imetafunwa ukingoni. Suluhisho ni wavu wa chuma cha pua wenye matundu madogo, kama wa chujio la chai. Mita moja imegharimu 38,000, ghali kuliko mbao zote za mradi, lakini unatumika tena na tena. Kunja kingo mara mbili na ubane kwa pini za chuma. Gundi inalegea kwenye joto.

Pili, kuna vipande vilivyoliwa waziwazi lakini uzito wake umeongezeka. Mchwa wanapokula mbao wanajaza mapango kwa udongo na mate, na udongo ni mzito kuliko paini. Kipande kimoja kiliondoka na gramu 88.4 na kikarudi na 91.0, huku ndani kikiwa na pango unaloweza kupitisha kidole. Kukwangua kwa brashi ya meno na sindano kunatoa udongo mwingi, ila si wote. Njia iliyofanya kazi: kwangua kwanza, kausha, pima, kisha choma kipande kwenye bati safi mpaka kiwe jivu jeupe na upime tena. Paini safi huacha jivu dogo mno, chini ya asilimia 1. Kinachobaki juu ya hapo ni udongo, na kinatolewa kwenye uzito. Kipande kile cha 91.0 baada ya kukwanguliwa kilikuwa 71.5, na baada ya kuchoma udongo uliobaki ulikuwa gramu 6.2. Yaani mbao halisi iliyobaki ni gramu 65.3, na kilicholiwa ni zaidi ya robo. Kipande kilichochomwa hakirudi, kwa hiyo piga picha kabla.

Baada ya marekebisho: kwenye matandazo vimeliwa zaidi, kivulini kidogo, uwanja mtupu kidogo kabisa. Kasi kwa jumla ni ndogo. Mchwa wa Julai walionekana kwenye vipande kuanzia alasiri hadi usiku wa mapema tu; alfajiri, udongo ukiwa nyuzi 18, vijia ni vitupu.

12 Septemba: Chupa

Kuna swali tunaloulizwa kila mara: wanakufa kwa nyuzi ngapi? Jaribio ni rahisi kuliharibu. Mchwa waliowekwa kwenye chupa kavu kwa nyuzi 35 walikufa wote kabla ya jua kuzama, na mtu angeandika kwamba 35 inaua. Si joto lililowaua. Ngozi ya mchwa ni nyembamba na inapoteza maji haraka. Kwenye chupa kavu wanakauka. Chupa zile zile zikiwekewa vijiko vitatu vya udongo wenye unyevu (ukiufinya unashikana, hautoi maji) na kufunikwa kwa kitambaa kibichi, mchwa wakaendelea kutembea na kujenga kwa nyuzi 35 kama kawaida. Nyuzi 40 walijikusanya chini na kuacha kazi. Nyuzi 45 waliangukia mgongo ndani ya muda mfupi. Hilo linalingana na kinachojulikana: kwa spishi nyingi, mwili unashindwa mahali fulani kati ya 42 na 48.

Usiwaweke zaidi ya saa chache. Hawa ni mchwa wanaolima uyoga. Chakula chao kinapita kwenye sega la kuvu ndani ya kiota, na wakitengwa nalo wanadhoofika kwa sababu isiyohusiana na joto. Kuvu huyo, Termitomyces, hustawi karibu na nyuzi 30, na ndiye anayeamua mengi. Nchini Kodivaa, Macrotermes bellicosus wa savana hujenga vichuguu vyenye matuta yanayotoa joto, na wale wa msitu wenye kivuli hujenga vya kuba lenye kuta nene ili joto lisitoke. Vya savana vinashikilia karibu na nyuzi 30. Lakini wa Namibia, Macrotermes michaelseni, kiota chao kinafuata joto la udongo msimu kwa msimu. Kwa hiyo usichukue kichuguu kimoja ukakifanya kanuni ya vyote.

Namna ya kuwatambua, inayosaidia kujua unapima nani: askari wa Odontotermes ana jino moja linaloonekana kwenye taya la kushoto. Macrotermes ana askari wa saizi mbili, mkubwa na mdogo, kwenye kiota kimoja. Kioo cha kukuzia cha 5,000 kinatosha.

20 Septemba: Fungu la pili limewekwa

Wavu wa chuma, viwanja vile vile, matandazo mapya.

17 Oktoba

Uwanja mtupu saa 8 mchana: sentimita 1 nyuzi 54. Sentimita 10 saa 11 jioni: 36. Sentimita 30: 29. Chini ya matandazo, sentimita 1 ni 34 na sentimita 10 ni 29.

Tazama namba hizo mbili za sentimita 1. Tofauti ni nyuzi 20, na kati yao kuna mpaka wa kufa na kuishi. Mkulima anatandaza mabua ili kuhifadhi unyevu, na anafanya vizuri, lakini papo hapo anawatengenezea mchwa njia ya kufika juu mchana kweupe. Kwenye uwanja mtupu wanakuja usiku tu, na wanakula kutoka chini ya kipande.

Shida ya kiufundi: matandazo yenyewe yanaliwa. Sentimita 10 zimebaki kama 4, na joto la chini yake linapanda kadiri yanavyopungua, kwa hiyo kiwanja hakipimi tena kile tulichokusudia. Sasa tunaongeza mabua kila wiki kufikia alama ya fimbo iliyochomekwa katikati. Anayerudia jaribio hili atenge mabua mara tatu ya makadirio ya kwanza.

24 Oktoba: Sanduku la jua

Kazi ya pembeni, kwa ajili ya mirunda inayokuja ikiwa na wadudu ndani. Kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungashia mizigo, ISPM 15, kinataka kiini cha mbao kifikie nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo. Neno la kushika ni kiini.

Sanduku: fremu ya mbao ya mita 3 kwa 1, chini pumba za mpunga sentimita 10, juu yake bati lililopakwa rangi nyeusi, na nailoni angavu juu. Kama 64,000 pamoja na misumari.

Mara ya kwanza mirunda ya kipenyo cha sentimita 8 ilipangwa tabaka tatu. Hewa ndani ilifika nyuzi 70 na ikaonekana kazi imekwisha. Kipimo kilichochomekwa kwenye tundu lililotobolewa mpaka katikati ya mti wa chini kilisoma 43 jua likishuka. Rundo la tabaka tatu linapata joto kama gogo moja nene, na muda wa joto kufika katikati unakua kwa mraba wa unene: unene mara tatu, muda mara tisa. Aidha baadhi ya miti ilikuwa mibichi. Maji yaliyovukizwa yalikwenda na joto, kisha yakajikusanya kama jasho chini ya nailoni na kuzuia jua.

Marekebisho: miti ikaushwe kivulini wiki kadhaa kwanza, tabaka moja tu, nafasi ya vidole viwili kati ya mti na mti, nailoni mbili zenye nafasi ya sentimita 3 katikati, na kuigeuza miti saa 6 mchana. Tundu la kipimo lizibwe kwa udongo wa mfinyanzi, la sivyo linapima hewa ya sanduku. Kwa mpangilio huo kiini kilipita 56 saa 8 na kukaa juu ya hapo zaidi ya saa moja.

Tahadhari ambayo lazima isemwe wazi: joto linaua walio ndani, halilindi mti. Likikufaa ni kwa mchwa wa mbao kavu na dumuzi, wanaoishi ndani ya mbao na kusafiri nayo kwenye fanicha na mizigo. Mchwa wa vichuguu wana kiota ardhini. Mrunda uliopashwa joto ukichomekwa shambani unaliwa kama mwingine wowote. Na kwa wanaouliza kuhusu oili chafu: hatuitumii hapa. Inabaki kwenye udongo wa mizabibu inayolisha watu.

22 Novemba: Kuinua fungu la pili

Vipande vya wavu mzima ni safi mara hii, vimepoteza kidogo mno. Chuma kimelipa gharama yake.

Vya matandazo: zaidi ya nusu ya mbao imekwenda, vitatu vimebaki ganda la nje tu, unavibonyeza vinavunjika. Kivulini ulaji umeongezeka mara kadhaa kuliko fungu la Julai. Uwanja mtupu umeongezeka kidogo, na wote ni wa upande wa chini.

Hesabu ya kulinganisha: kivulini wastani wa sentimita 10 ulipanda kwa nyuzi 8 hivi kati ya mafungu mawili. Kwa kipimo cha mara 6.8 kwa kila nyuzi 10, nyuzi 8 zingetarajiwa kuzidisha ulaji mara 4.6. Kivuli na matandazo vimekaribia hapo. Uwanja mtupu haukukaribia, ingawa ndio uliopanda joto zaidi. Joto la ziada pale lilipita mahali ambapo mchwa anaweza kufanya kazi, likamfungia saa za mchana badala ya kumharakisha.

Kuna kitu kimoja ambacho jaribio halikukitenga. Kufikia Novemba nyasi zimekwisha, mifugo imemaliza mabua mashambani, na mchwa wana njaa kuliko Julai. Sehemu ya ongezeko ni ukosefu wa chakula kingine. Fungu lijalo litakuwa na marundo ya mabua mita 5 nje ya viwanja, kiasi kile kile msimu wote, ili chakula cha pembeni kisibadilike.

6 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana jana alasiri, kumbikumbi jioni hiyo hiyo. Watoto wamejaza ndoo karibu na taa, na wamefanya vema.

Kwa kuenea kwa mchwa, usiku mmoja kama huu una uzito kuliko miezi ya ulaji. Kila jozi inayokata mabawa na kuingia ardhini ni kichuguu kinachoweza kuzaliwa. Asubuhi tulikagua mahali walipotua. Kwenye uwanja mtupu udongo ulikauka upesi, na jozi nyingi zilizochimba kifupi zilikutwa zimekauka ndani ya matundu ya sentimita 2. Kando ya mabomba ya matone, chini ya mizabibu, matundu yaliingia mpaka kwenye unyevu na tuliyoyachimbua yalikuwa na jozi hai. Umwagiliaji unapoza udongo na kuulainisha pale pale penye nguzo.

Hatua tuliyochukua kwenye mistari miwili: kuhamisha vitoa matone viwe sentimita 40 mbali na kila nguzo, na kuacha duara tupu la sentimita 30 bila matandazo kuizunguka. Matandazo yanabaki kati ya mzabibu na mzabibu. Kibarua wa siku mbili, 20,000.

10 Desemba: Fungu la tatu limewekwa

Fungu la mvua. Wavu wa chuma ule ule umeoshwa na kuanikwa. Usomaji wa joto unaongezewa unyevu wa sentimita 10: udongo gramu 100, unakaushwa kwa nyuzi 105 na kupimwa tena. Mistari miwili yenye duara tupu italinganishwa na miwili ya jirani isiyo nalo, kwa kuchomeka bisibisi chini kidogo ya usawa wa udongo kwenye kila nguzo na kuandika inaingia milimita ngapi. Jumla ya matumizi mpaka sasa, bila nauli: 315,500.